Wimbo wa Sita

Sikio hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wenzake wa ofisini, mwaka wake wa kwanza wa kazi, siku aliposimamisha mkanda wa mkutano mmoja na kusema kwamba mwenyekiti alikuwa amevua viatu chini ya meza. Walimcheka, mpaka mmoja wao akampigia mwenyekiti simu kwa utani, na mwenyekiti kwa aibu akakiri kwamba vilikuwa vinambana. Tangu siku hiyo jina likamganda, na hata mwanamume aliyekuja kumpenda alimpenda kwa jina hilo hilo.

Kazi yake ilikuwa kunakili sauti. Watu walileta mikutano yao, mahojiano yao na kesi zao, naye akaketi na hedifoni kichwani na pedali chini ya mguu wa kulia. Akikanyaga, sauti inakwenda. Akiinua mguu, sauti inasimama. Kanuni ya ofisi ilikuwa moja tu: andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Mtu akikosea neno, liandike na kosa lake. Akicheka, weka [kicheko]. Akivuta pumzi, kama mteja anataka, weka [pumzi]. Na pale ambapo umerudia mara tano na huambulii kitu, andika [haisikiki]. Katika miaka tisa Sikio alikuwa ameandika alama hiyo ya mwisho mara chache mno, na kila alipoiandika alijisikia vibaya mpaka kesho yake.

Alasiri hiyo ya Jumanne wenzake walikuwa wameshaondoka. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na flashi ndogo nyeusi aliyopewa asubuhi na mpenzi wake.

Mpenzi wake walimwita Spika, kwa sababu mchana alitengeneza spika za watu. Saa zilizobaki alikuwa nusu ya Umeme Mdogo, kundi la watu wawili. Yeye alipiga gitaa, kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, na nusu ya pili, mwalimu wa hesabu waliyembandika jina la Chiriku, aliimba. Hakuna kampuni iliyowataka, nao walijifanya hawaitaki kampuni yoyote. Walikuwa wamejifungia miezi minane katika chumba cha nyuma cha karakana, chenye trei za mayai ukutani kuua mwangwi, wakatoka na albamu yao ya kwanza. Nyimbo tisa. Waliiita Waya Wazi. Kilichobaki kilikuwa kijitabu cha maneno ya nyimbo, na mchapaji alikitaka kesho.

"Wengine wakisikiliza wanasikia kelele," Spika alikuwa amemwambia, akiiweka flashi kwenye kiganja chake na kumkunja vidole kimoja kimoja. "Wewe utasikia kila kitu. Andika kama unavyoandika za mahakamani."

"Kila kitu?"

"Hata pumzi."

Naye Sikio akacheka, kwa sababu Jumamosi wazazi wa Spika walikuwa wanakuja kuonana na mama yake, na mwanamke aliyebakiza siku nne kufikia jambo lake hucheka hata kwa maneno yasiyochekesha.

Sasa akafuta sponji za hedifoni kwa spiriti, kama afanyavyo kila siku, akazivaa, akakanyaga pedali.

Wimbo wa kwanza ulifunguka kwa kijiko kinachogonga glasi. Mara nne, polepole. Halafu mashine ya ngoma ikakidaka kile kijiko, ikakivunjavunja, ikakifanya mdundo. Sikio akatabasamu. Aliijua glasi ile. Ilikuwa yake, ile yenye ufa mdomoni, na aliusikia ule ufa. Wimbo wa pili ulikuwa gitaa tupu lenye mkwaruzo, na chini kabisa, mtu akisogeza kiti. Wa tatu ulikuwa wake waziwazi, "sikio lako la kushoto, ndiko ninakolala," na alipouandika alijiona anawaka uso peke yake ofisini.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho kilikuwa mdomo wa Chiriku. Kabla ya kila mstari dada yule alilowesha midomo. Spika alikuwa amemweka karibu mno na kipaza sauti, basi Sikio alisikia ulimi ukibanduka kwenye meno, mate yakijikusanya, kisha ndipo wimbo. Ilikuwa kama kulishwa na mtu anayetafuna kwanza. Aliandika [pumzi] akaendelea.

Maana kinyaa kilikuwa ugonjwa wake wa zamani. Sikio hakuweza kunywea kikombe cha mtu mwingine. Hakuweza kushika kitasa cha choo cha ofisi bila karatasi. Rafiki akionja chakula kwa kijiko na kukirudisha sufuriani, yeye alishiba hapo hapo. Kwa mtu wa namna hiyo kupenda fundi mwenye makucha meusi, ambaye karakana yake ina vikombe vilivyoota ukungu wa kijani, lilikuwa jambo ambalo hata mama yake alilishangaa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Spika alikuwa mtu wa kwanza tangu utoto wake ambaye alikinywea kikombe chake bila kufikiri. Siku alipofanya hivyo kwa mara ya kwanza ndipo alipojua kwamba amekwisha.

Wimbo wa nne. Wa tano. Wa sita ukaanza kwa matone ya maji. Tone, kimya, tone. Kinanda kikaingia kwa chini, kikavuma kwenye kifua. Chiriku akalowesha midomo.

"Maji yamekuwa vuguvugu," akaimba, "kitambaa kimetoa harufu yako."

Vidole vya Sikio viliandika kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Ndivyo kazi ilivyomfundisha.

"Usinishike, mkono wako una unyevu. Sitaki. Nasikia kinyanya."

Hapo Chiriku alivuta kamasi, pumzi fupi, mbili, ya pili imekatika katikati. Ngoma zikaanguka zote kwa pamoja, gitaa likapasuka, na ukaja mwitikio wa kuruka nao, mtamu, wa kushika kichwani kwa wiki nzima: "Ukaniachia, kidole kimoja kimoja, kidole kimoja kimoja."

Mguu wa Sikio uliinuka kwenye pedali wenyewe.

Hakuna mtu anayesema kinyanya. Watu husema kinyaa. Kinyanya alikisema mtoto mmoja wa miaka minne, aliyepewa nyanya iliyooza aibebe hadi jalalani, akasikia wakubwa wakisema kinyaa, akaamua kwamba neno hilo limetokana na nyanya. Nyumbani walicheka, wakaliacha likakua naye. Alipokua alijifunza kulisema sawasawa mbele ya watu, lakini akichoka au akiogopa lile la zamani lilimponyoka.

Lilimponyoka akiwa na miaka kumi na tisa, siku tatu kabla baba yake hajafariki. Baba alikuwa amelala miezi saba. Mama alikuwa dobi, alitoka asubuhi kuchukua nguo za watu, na Sikio ndiye aliyemwogesha mgonjwa. Asubuhi hiyo maji yalipoa mikononi mwake, kitambaa kikatoa harufu, na baba, aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, alimshika mkono kwa kiganja chake chenye jasho. Naye akayasema maneno yale. Baba akamtazama, akamwachia, kidole kimoja kimoja.

Mama hakujua. Mama aliwaambia ndugu wote msibani kwamba huyu binti alimwogesha baba yake mpaka mwisho bila kukunja uso, na Sikio akainamisha kichwa akapokea sifa. Katika miaka kumi na miwili alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Jioni moja umeme ulikatika, yeye na Spika wakaosha vyombo gizani, na kwa vile hakuwa akiuona uso wake, akamwambia. Spika alimfuta povu mikononi kwa shati lake, na Sikio akaona kwamba huyu ndiye.

Sasa alikwenda chooni akaosha masikio kwa sabuni, yote mawili, mpaka yakauma. Akarudi, akavaa hedifoni, akaurudia wimbo toka mwanzo, kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka.

Alipofika mwisho, Spika alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya juisi.

"Umefika wapi?" Alikuwa na furaha ya mtu anayengoja matokeo.

"Wa sita."

"Enhe." Akaketi pembeni ya meza, akapiga funda, akamsogezea glasi. "Kunywa. Halafu uniambie."

Kwenye ukingo wa glasi palikuwa na alama ya midomo yake, yenye unyevu. Sikio aliitazama. Jana angeifunika kwa midomo yake mwenyewe. Leo aliisogeza glasi kando.

"Chiriku anajua maneno haya yametoka wapi?"

Spika akaangalia hedifoni, akaangalia dirisha. "Anajua ni jambo la kweli. Alilia wakati anaimba. Tulilazimika kusimama."

"Nimekuuliza kama anajua ni langu."

"Sikio, sijataja jina. Na nimebadilisha. Hakuna baba pale. Nimeufanya wimbo wa mapenzi, msichana anamkataa mpenzi wake, basi. Nani atajua?"

"Umemfanya baba yangu mpenzi."

"Nimemfanya mtu tu."

"Mwili nilioukamulia kitambaa, umeufanya mwanamume wa kuchezewa ngoma." Alisema taratibu, na ule utaratibu ulimtisha Spika kuliko kelele. "Halafu ukaweka mwitikio wa kuruka nao. Watu wataruka, Spika. Watainua mikono juu wakiimba vidole vya baba yangu."

"Ndiyo maana ni mzuri. Ni mzuri kuliko yote tuliyowahi kufanya, na unajua, wewe una sikio, usiniambie hujausikia."

Ubaya wake ni kwamba alikuwa amesikia. Ulikuwa mzuri. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba mguu wake, hapo chini kwenye pedali, ulikuwa umeufuata ule mdundo.

"Uliyakumbukaje?" akauliza. "Neno kwa neno?"

"Nina kumbukumbu nzuri."

"Hujawahi kuikumbuka siku ya kuzaliwa kwa mama yako."

Spika akacheka kidogo, akanyoosha mkono amshike shavu. Mkono ule ulinuka risasi ya kulehemu na ganda la machungwa, harufu ambayo Sikio alikuwa akiitafuta kwenye mito yake. Akarudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Usinishike."

Wote wawili walisikia alichokisema. Spika akauteremsha mkono.

"Mama mwenyewe ameupenda," akasema, kama mtu anayetoa karata yake ya mwisho.

"Mama nani?"

"Mama yako. Nilipita kwake asubuhi, nilitaka asikie albamu kabla ya Jumamosi, ajue mkwe wake anafanya kazi gani. Aliniomba niurudie wa sita."

Sikio hakukumbuka baadaye kama alimfukuza au Spika aliondoka mwenyewe. Alikumbuka tu kwamba Spika alisema atapita kwa kina Sikio saa kumi na mbili kuchukua karatasi, na kwamba glasi ilibaki mezani. Aliandika nyimbo tatu zilizobaki bila kusikia utamu wake, akachapa kurasa zote, na ukurasa wa sita ulikuwa sahihi herufi kwa herufi, [pumzi] mbili, ya pili imekatika. Glasi aliimwaga kwa kuishika na karatasi.

Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia mama, na hakupata hata moja.

Mama alikuwa akipiga pasi sare za wauguzi. Hakuwa tena na nguvu ya kubeba mizigo kichwani, siku hizi wateja walimletea nyumbani. Chumba kilikuwa na mvuke na harufu ya wanga.

"Umewahi," mama akasema.

"Spika alikuja leo."

"Alikuja. Aliketi hapo hapo ulipoweka mkoba." Mama akageuza kola. "Mtu aliyekuja kutafuta mke analeta mboga. Huyu ameleta nyimbo tisa."

"Amesema ulimwomba arudie mmoja."

"Nilimwambia arudishe nyuma. Nilitaka kuhakikisha neno."

Sikio alishika ukingo wa kiti. "Neno gani, mama?"

"Duniani kuna watu wangapi wanaosema kinyanya, mwanangu? Mimi ninamjua mmoja."

Pasi ilikwenda na kurudi. Sikio alifungua mdomo, sauti ikatoka ya mtoto. "Mama, nilimwambia baba..."

"Ninajua ulichomwambia baba yako. Kaa."

Akakaa.

"Aliniambia mwenyewe, jioni ile ile," mama akasema. "Niliingia na mzigo wa watu, hata sijautua, akaniambia, leo mtoto amenisikia kinyanya. Akataka kucheka, kifua kikamkamata. Halafu akasema, usimwingize tena humu. Amechoka. Miaka kumi na tisa siyo ya kuogesha wanaume wazima. Basi siku zile tatu nikamwogesha mimi."

Siku zile tatu. Sikio alizikumbuka kuliko siku zote za maisha yake: jinsi alivyopita mbele ya mlango kwa ncha za vidole, akingoja kuitwa, na asiitwe, na jinsi alivyofurahi kutoitwa. Furaha ile ndiyo iliyomla miaka yote.

"Nilidhani mmenisahau."

"Nilikuwa ninakuona ukipita unanyata kama mwizi wa kuku. Baba yako naye alikuona. Akasema, mwache apite."

"Kwa nini hukuniambia? Kule msibani ukanisifu mbele ya watu."

"Nilikusifu kwa sababu miezi saba uliogesha. Nani anahesabu siku tatu?" Mama akaiweka pasi wima. "Na nilidhani umeshasahau. Mtu hamkumbushi mwanawe siku aliyoelemewa."

Sikio akalia hapo, uso kwenye rundo la sare safi, na mama akamwacha alie, ila alimwondolea moja iliyokuwa imeshapigwa pasi asije akailowesha. Kilio hicho hakikuwa na uchungu. Baba yake alimwachia kwa hiari. Zile hesabu za vidole alikuwa amezisoma vibaya tangu mwanzo.

Akiwa bado anafuta macho, moyo wake ukaanza kumlainikia Spika. Haukutaka ruhusa. Bila wimbo ule wa kuchefua, si angekwenda kaburini na jambo hili? Pengine fundi wa watu alikuwa amekosea njia tu. Pengine neno likibadilishwa, na mwitikio ukipunguzwa kelele...

"Nikuulize kitu," mama akasema. "Kijana alijua wimbo ule unahusu nini?"

"Alijua."

"Kwa hiyo alijua ananipigia nini." Mama alikuwa ameshika chupa ya kunyunyizia, hanyunyizi. "Nilitaka kusikia hilo tu. Maana wimbo ulipokuwa ukilia, hakuiangalia redio. Aliniangalia mimi usoni. Na kile kidude chake cha kunasia sauti alikuwa amekiweka hapa, juu ya meza ya pasi, taa nyekundu inawaka. Nikamwuliza, hicho cha nini? Akasema anataka sauti ya pasi, eti inafoka vizuri."

Sikio alihisi mate yakijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

"Alikuwa anangoja ulie."

"Ndivyo nilivyoona."

"Ulilia?"

"Nilimwagia pasi maji, ikafoka. Nikamwambia, haya, chukua hiyo."

Sikio akaenda jikoni akatema. Aliporudi alichukua kalamu kwenye mkoba, akautoa ukurasa wa sita, akauweka kwenye kona ya meza yenye joto la pasi. Akachora mstari juu ya maji ya vuguvugu. Akachora mstari juu ya kitambaa. Juu ya mkono, juu ya neno lake, juu ya kidole kimoja kimoja kila kiliporudiwa, na pembeni ya kila mstari aliandika kitu kile kile kwa mwandiko wake mzuri. Mama alimwona, akaendelea na pasi.

Saa kumi na mbili mlango ukagongwa. Aliutambua ugongaji, mbili za haraka na moja ya kusita. Akafungua nusu, akasimama katikati.

Spika alikuwa amenawa uso na kubadilisha shati. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa mzuri wa sura, shetani yule, hata sasa, na Sikio alilisikitikia hilo.

"Nimefikiri njia nzima," Spika akasema kwa sauti ya chini. "Nimekosa. Nitabadilisha lile neno. Chiriku ataimba upya, aseme kinyaa kama watu wote, mama yako hatajua tena..."

"Mama alijua tangu zamani."

"Ala." Kisha, bila kutaka, macho yake yakang'aa. "Alijua? Alisemaje?"

Ndipo Sikio alipoiona. Kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kitambaa chembamba, nukta nyekundu.

"Mfukoni una nini?"

Spika akajishika kifua. Mkono ukabaki hapo. "Ni mazoea tu. Nakiwasha nikitoka nyumbani, hata sikumbuki."

"Kitoe."

Akakitoa. Sanduku dogo la kinasa sauti, sponji nyeusi kichwani, taa inawaka. Akakizima. Kikalia tiki.

"Na siku ile jikoni?"

"Sikio..."

"Umeme ulikatika. Mikono yangu ilikuwa majini. Kilikuwa kinawaka?"

Spika alikizungusha kinasa sauti kiganjani. "Nilikuwa nanasa matone ya bomba, nimekiweka nyuma ya sahani," akasema mwishowe. "Tangu mwanzo, kabla hujaanza kusema. Sikujua utasema vile. Ningekizimaje katikati? Ungesikia."

"Ningesikia," Sikio akakubali.

Matone. Tone, kimya, tone. Yale yaliyofungua wimbo yalikuwa bomba lake mwenyewe.

"Chiriku alipewa asikilize."

"Mara moja. Ashike hisia tu."

"Ameshika. Hata pumzi ameivuta nilipoivuta mimi. Hata ile iliyokatika." Alijiona amelala kwenye meza ya watu, amefunguliwa kifuniko kama redio, na wawili hawa wameinama juu yake kwa bisibisi. Alijiangalia mikono. Alitaka kuinawa, na alijua sabuni haitafika mahali palipochafuka.

"Sikukiwasha kwa ubaya," Spika akasema, na sasa alikuwa akilia kweli. "Ninakupenda mpaka sitaki kitu chako kipotee. Kukohoa kwako, funguo zako, unavyocheka usingizini. Ninavyo vyote. Ukiniacha nitabaki na nini?"

Maneno hayo, yangesemwa jana, yangemyeyusha. Wiki nzima angetembea nayo. Leo yalimtambaa mwilini kama chawa.

"Utabaki na hivyo," akasema, akampa kurasa.

Spika alizipokea, akapindua mpaka wa sita, akasoma. Midomo yake ilikwenda kila mstari. [haisikiki]. [haisikiki]. [haisikiki].

"Lakini huu ndio unaosikika wazi kuliko zote."

"Nimerudia zaidi ya mara tano. Siambulii kitu."

"Unajua si kweli. Wewe huandiki uongo."

"Huo ni wa kwanza. Utunze, nao ni kitu changu."

"Na Jumamosi? Wazee wangu niwaambie nini? Sikio. Niambie kitu."

Kinasa sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kimezimwa, kidole gumba kiko juu ya kitufe. Sikio alikitazama kidole kile. Kisha akafunga mlango, akateremsha komeo, akabaki amesimama, paji la uso kwenye mbao.

Spika hakuondoka. Alianza kusema kwa upande wa pili, karibu kabisa na mlango, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia alfajiri wanapoongea wakiwa wamefumba macho. Sikio alisikia kila neno. Alisikia pua iliyoziba, karatasi zikikunjamana, jina lake likisemwa mara mbili, na ahadi ambayo hakuna mwanamke asiyetaka kuisikia walau mara moja maishani. Alisikia mpaka moyo wa mtu yule, au wake mwenyewe, ukigonga kwenye mbao.

Nyuma yake mama aliinua pasi. "Anasemaje huyo?"

Sikio alijifuta shavu kwa kiganja, akarudi kwenye rundo la sare, akaichukua iliyokuwa juu.

"Haisikiki, mama."